Kuijaribu Lenzi Ndefu kwa Mkono Mtupu Kando ya Mto Mara



Mada niliyokabidhiwa yahusu lenzi ndefu, zile za milimita 400 hadi 600, na namna ya kuzijaribu zikiwa zimeshikwa kwa mkono, bila stendi wala egemeo, katika kupiga picha za mandhari ya ufukweni. Ufuko wetu si wa bahari. Ni kingo za Mto Mara, ambao urefu wake wote ni kilomita zipatazo 395, nao hutoka katika miinuko ya Mau huko Kenya, ukapita Kogatende ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ukazitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti, ukajitandaza katika vinamasi vya mafunjo, na mwishowe ukayamwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Musoma. Katika kingo hizo kuna maporomoko ya udongo, majabali, mamba waliolala juani, na, kati ya Julai na Oktoba aghalabu, makundi ya nyumbu wanaovuka. Na vyote hivyo humtaka mpiga picha avitazame kwa mbali.

Hoja yangu ni kwamba picha ya lenzi ndefu ikikosa ukali, sababu zaweza kuwa nne kabla hatujafika kwenye kioo chenyewe: mkono uliotikisika, kiumbe kilichosogea, shabaha iliyoangukia pasipo mahali pake, na hewa iliyo baina ya lenzi na kinachopigwa. Mtu asiyezipambanua sababu hizi huihukumu lenzi kwa dhambi isiyo yake, akaiuza kwa hasara lenzi njema, au akainunua mbovu kwa kudhani kuwa kasoro ni ya mikono yake.

Wako watakaouliza kwa nini tujisumbue na mkono ilhali stendi ya miguu mitatu ipo. Jibu wanalijua waongoza watalii kuliko mimi. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, na stendi haina pa kusimama katika gari lenye abiria watano au sita ambao kila mmoja akijigeuza gari zima hutikisika pamoja naye, na miguu ya stendi ikaupokea mtikisiko ule na kuupandisha juu. Mfuko uliojazwa maharage au mchele, ukiwekwa dirishani, ni msaada mkubwa, nami nausifu bila kusita. Walakini nyumbu hawamngoji mtu apange mfuko wake, na ndege akiruka juu ya mto hafuatiliki kwa lenzi iliyolazwa. Kwa hiyo mkono ndio stendi yetu ya kila siku, na lenzi isiyojaribiwa mkononi haijajaribiwa.

Na tuanze na huo mkono. Wazee wa kazi hii walituachia kanuni kwamba kasi ya shata isipungue sehemu inayolingana na urefu wa fokasi: mwenye milimita 500 asishuke chini ya sehemu ya 500 ya sekunde, na kamera yake ikiwa na sensa ndogo inayovuta mara moja na nusu, apandishe hata sehemu ya 750. Kanuni hiyo ni ya zama za filamu, watu walipozitazama picha zikiwa karatasini kwa ukubwa wa wastani. Leo twazikuza kwenye kioo cha kompyuta hata tukaiona pikseli mojamoja, na hesabu yake ni hii: mkono ukipotoka kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi moja, taswira nyuma ya lenzi ya milimita 500 husogea takriban sehemu ya saba ya milimita, nayo katika sensa kamili yenye pikseli milioni 24 ni pikseli kama 24. Mpotoko huohuo kwa lenzi ya milimita 50 ni pikseli mbili na kitu tu. Mkono haukubadilika, ila hukumu juu yake imekuwa kali mara kumi.

Ndipo ikaja mitambo ya kutuliza mtikisiko. Canon waliitoa lenzi ya kwanza ya namna hiyo kwa kamera za kubadilisha lenzi mwaka 1995, na leo ni nadra kuikuta lenzi mpya ndefu isiyo nayo. Lenzi ya Nikon ya milimita 200 hadi 500, iliyotoka mwaka 2015 na ambayo uzito wake ni gramu 2,300, imehesabiwa na watengenezaji kuwa yaokoa hatua 4.5, maana yake pale palipotakiwa sehemu ya 500 ya sekunde, kwa hesabu yao, sehemu ya 22 yaweza kutosha. Hicho ni kipimo cha maabara. Mtu aliyekwisha kuinyanyua lenzi hiyo pamoja na kamera, jumla inayopita kilo tatu, akangoja mpaka misuli ikaanza kumcheza, asitarajie hatua zote hizo. Wala mtambo huo haumzuii nyumbu kusogea.

Hapo twaingia katika sababu ya pili. Tuseme nyumbu yuko mita 100, naye ajitupa majini kwa mwendo wa mita tano kwa sekunde akikata mbele yetu. Kwa milimita 500, taswira yake hupita kwenye sensa kwa milimita 25 kila sekunde, hivyo ukipiga kwa sehemu ya 500 atakuwa amejiburuza pikseli nane, na mpaka ufike sehemu ya 2000 ndipo atakapobakia na pikseli mbili zinazovumilika. Mtu akiacha mtambo wa kutuliza umdanganye akapiga kwa sehemu ya 125, ataona majabali ya ng'ambo yamechongeka vizuri na wanyama wote wamekuwa moshi. Shabaha nayo hujulikana upesi: tazama kama kuna kitu chochote mbele au nyuma kilichotoka na ukali. Kwa mita 30, lenzi hiyo ya milimita 500 ikiwa wazi kwa f/5.6, kina cha ukali ni mita moja na kidogo tu, na unyasi mmoja ulio mbele ya jicho la mamba watosha kuivuta shabaha yote.

Sababu ya nne ndiyo iliyonifanya nije hapa, maana ndiyo isiyotajwa na wauzaji, nayo ndiyo itawalayo katika nchi hii yetu. Hewa ya moto na hewa ya baridi hazipindi mwanga sawasawa. Mapindo ya nuru katika anga alikwisha kuyachunguza msomi Ibn al-Haytham karne ya 11, kabla ya mtu yeyote kuwaza kamera ya mkononi. Kogatende iko karibu na nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta, na jua hapo hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, kiasi kwamba ifikapo saa tatu asubuhi limekwisha kuinuka theluthi ya njia yake na zaidi kuelekea utosini. Majabali na udongo mtupu wa ukingoni hupata moto mapema, maji yakabaki na ubaridi wake, na baina yao hewa huchemka kwa mafungu madogo madogo ambayo jicho halina habari nayo, ilhali lenzi ya milimita 600 huyaona yote. Ongeza vumbi la magari na moshi wa nyasi zinazochomwa wakati wa kiangazi, upate pazia ambalo hakuna kioo kiwezacho kulipasua, hata kiwe cha bei gani.

Dalili za hewa si dalili za mkono. Mkono hukichora kila kitu katika fremu kwa mwelekeo mmoja, jani, jiwe na pembe, vyote vikavutika upande uleule. Hewa huviharibu bila utaratibu: pembe ya nyumbu mmoja imenyooka, ya jirani yake imejikunja kama iliyo chini ya maji, na katika picha inayofuata mambo yamegeuka. Piga picha kumi mfululizo za jabali moja la ng'ambo kwa sehemu ya 2000, kasi ambayo mkono hauwezi kusingiziwa, kisha uzilinganishe. Zikitofautiana umbo, basi ni hewa, wala usijihangaishe tena na lenzi siku hiyo mpaka jua lipungue. Chungeni pia bonneti ya gari lenyewe. Injini iliyozimwa sasa hivi hupandisha joto mbele ya dirisha la dereva, na mpiga picha anayelenga juu yake huwa amejiwekea tatizo miguuni pake.

Kwa hiyo jaribio la haki hufanywa mara mbili. Kwanza alfajiri, mara jua linapochomoza, mchague kitu kisichosogea kilicho mita 60 hadi 80, kama gome la mti wa ukingoni, injini ikiwa imezimwa na abiria wametulia. Mkipige kwanza lenzi ikiwa juu ya mfuko, ili mjue kioo chaweza nini, kisha kwa mkono, picha kumi kwa kila kasi, kutoka sehemu ya 1000 mkiteremka hadi sehemu ya 60. Msiitafute ile picha moja iliyotokea kwa bahati. Hesabuni ni ngapi kati ya kumi zenye ukali, na kasi ambayo nane zimesimama ndiyo kasi yenu ninyi na lenzi ile. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, viwiko vishikane na mbavu, na kidole kikandamize kitufe pumzi ikiisha kutoka. Jaribio la pili lifanywe adhuhuri mahali palepale, kwa kitu kilicho mita 500 au 600, ili kila mmoja aone kwa macho yake kwamba lenzi ndefu huikuza hewa pia.

Yafuatayo yatokana na hayo. Mandhari ya mbali, kama bonde la Mara linavyoonekana kutoka nyanda za juu za Tarime, yapigwe mapema au baada ya mvua. Adhuhuri ibaki kwa vitu vya karibu. Mwenye haraka ya kusogeza gari ukingoni mwa mto kwa ajili ya ukali wa picha aelewe kwamba gari lake laweza kuwarudisha nyuma nyumbu waliokwisha kuteremka, na kwamba lenzi ndefu ilibuniwa ili tukae mbali, si ili tukikaribia tupate sikio la mnyama peke yake. Na nje ya hifadhi, pale barabara ya Tarime kwenda Mugumu inapouvuka mto, na kwenye malambo na visima vya vijijini, wako akina mama wanaochota maji na vijana wanaonywesha ng'ombe. Umbali haumpi mtu ruhusa ya kuzichukua sura zao. Ateremke, awaamkie, aombe, na akikataliwa aondoke.

Limebaki jambo moja, kwa wale wanaotaka kununua lenzi iliyokwisha kutumika. Muuzaji atakuonyesha picha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, ambacho hakitofautishi lolote kati ya niliyoyataja. Mwombe muda wa asubuhi moja, uende na mfuko wako, upige lenzi ikiwa imefunguliwa kabisa, utazame kona zote nne na katikati katika kompyuta kwa ukubwa kamili, na uusikilize mtambo wa kutuliza kama unaguna au kuruka unapoanza. Picha za juu ya mfuko zikiwa hafifu alfajiri tulivu, na shabaha imehakikishwa, hapo kosa ni la kioo, na fedha ibaki mfukoni.