Sikio Moja Linapozimika: Kazi ya Kamati Zetu Kabla Uvimbe Haujabana Ubongo

(Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Bariadi)



Tumezoea kukutana kuzungumzia visima, vyoo vya shule na bei ya pamba. Leo tumeomba nafasi ya kuzungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia ukitajwa kwa jina. Ni uvimbe unaoota kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, karibu na shina la ubongo. Tumeuchagua kwa sababu unaonyesha wazi jambo linalotugusa katika kazi zetu zote za afya: mgonjwa akifika mapema ana njia kadhaa za kutibiwa, na akichelewa hubaki na njia moja iliyo ngumu.

Ugonjwa wenyewe

Kila mtu ana jozi 12 za mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Jozi ya 8 hubeba sauti kutoka masikioni, na pia taarifa zinazotuwezesha kusimama bila kuyumba. Mshipa huo hupita katika tundu jembamba la mfupa kwa ndani ya sikio, ukiongozana na mshipa wa 7 unaoendesha misuli ya uso. Yote miwili huishia kwenye shina la ubongo, ambalo ndilo linalosimamia kupumua, kumeza na mapigo ya moyo.

Wakati mwingine utando unaoufunika mshipa huo wa 8 huota uvimbe. Madaktari huuita akustiki nyuroma. Si saratani na hausambai kwenda sehemu nyingine za mwili. Tena haukui kwa haraka; mara nyingi huongezeka milimita 1 hadi 2 kwa mwaka, na kuna unaokaa miaka bila kuongezeka. Hatari yake iko mahali ulipo. Fuvu halitanuki, hivyo uvimbe unapokua hubana mshipa wa kusikia kwanza, kisha mishipa ya uso, na mwisho shina la ubongo lenyewe.

Dalili huja kwa mpangilio unaofanana kwa wagonjwa wengi. Kwanza, sikio moja hupungua kusikia pole pole, bila maumivu wala usaha. Mgonjwa hugundua pale anapopokea simu, kwani analazimika kuihamishia sikio la pili. Wachache hupoteza usikivu wa upande mmoja kwa ghafla. Pili, sikio hilo huwa na mlio usiokwisha. Tatu, mtu huyumba, hasa gizani au anapotembea juu ya matuta shambani. Uvimbe ukiwa mkubwa, upande mmoja wa uso hufa ganzi. Hatua ya mwisho ni maji ya ubongo kukosa njia ya kupita: kichwa kinauma sana asubuhi, mtu anatapika na macho yanafifia. Aliyefika hapo anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini wagonjwa huchelewa

Ndugu wajumbe, mtu mwenye sikio moja zima anaendelea kulima, kuuza dukani na kuimba kwaya. Hakuna anayemwona kuwa mgonjwa. Akilalamika, huambiwa ni uzee, ni nta, au ni vumbi la barabarani. Akianza kuyumba, wengine husema ni malaria au presha, na wengine humtuhumu kuwa amelewa. Wapo wanaopewa dawa za matone mara tano au sita, na wapo wanaopelekwa kwa mganga wa jadi kwa kuwa wanasikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Sababu za kawaida za kupungua kusikia ni nyingi, na zahanati zinafanya vizuri kuanza nazo. Usaha wa muda mrefu ni ugonjwa wa sikio la kati. Nta huonekana kwa macho. Dawa kama kwinini na streptomaisini zikidhuru usikivu, kwa kawaida hugusa masikio yote mawili. Uzee nao hugusa yote mawili. Kwa hiyo swali la kukumbuka ni moja tu: je, ni sikio moja, lisilo na usaha wala nta, lililozidi kupungua kwa miezi? Jibu likiwa ndiyo, mtu huyo anahitaji barua ya rufaa badala ya chupa nyingine ya matone.

Vipimo

Tabibu mwenye kurunzi ya kuangalia sikio na chuma chenye pembe mbili kinacholia kinapogongwa anaweza kutambua kama tatizo liko kwenye njia ya sauti au kwenye mshipa wa fahamu. Hatua inayofuata ni kipimo cha usikivu kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Kipimo kinachomaliza ubishi ni MRI, pamoja na dawa inayochomwa mshipani ili uvimbe ung'ae kwenye picha. Kipimo hicho huweza kuonyesha uvimbe wa milimita chache.

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Kupitia mpango wa serikali wa mwaka 2021 wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, zilinunuliwa mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa, na imewapunguzia watu wengi safari. CT-Scan huonyesha uvimbe mkubwa na maji yaliyojaa kichwani. Uvimbe mdogo ndani ya tundu la mfupa unaweza kuikwepa. Kwa hiyo mtu akiambiwa picha ya CT ni safi huku sikio lake likiendelea kuzimika, safari yake haijaisha. Amuulize daktari kuhusu MRI.

Tiba

Njia ni tatu. Uvimbe ukiwa mdogo, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa, daktari anaweza kuamua kuuangalia tu kwa kupiga MRI kila baada ya muda. Njia ya pili ni mionzi inayolengwa mahali pamoja, ambayo huzuia uvimbe usikue. Hufaa uvimbe usiozidi takriban sentimita 3. Njia ya tatu ni upasuaji.

Katika upasuaji, mara nyingi fuvu hufunguliwa nyuma ya sikio. Daktari hutumia darubini ya upasuaji, huutoa uvimbe vipande vipande kutoka ndani, kisha huubandua taratibu kutoka kwenye shina la ubongo na mshipa wa uso. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na baadaye mgonjwa hulazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kama maji yamejaa kichwani, mara nyingi huwekewa kwanza mpira wa kuyapitisha. Wakati mwingine daktari huacha kipande kidogo kwa makusudi ili asiharibu mshipa wa uso.

Familia iambiwe ukweli mapema. Uvimbe ukiwa mkubwa, usikivu wa upande huo kwa kawaida haurudi. Uso unaweza kulegea upande mmoja, kwa muda au moja kwa moja, na jicho lisipofumba linahitaji dawa ya kulilowanisha ili lisipofuke. Mgonjwa anayejua haya kabla hatajiona amedhulumiwa baadaye.

Tumetoka mbali. Mwaka 1895 huko Edinburgh, Thomas Annandale alimtoa uvimbe wa aina hii mwanamke mjamzito, akapona na kujifungua. Lakini huyo alikuwa mmoja kati ya wachache, kwani miaka ile zaidi ya nusu ya waliopasuliwa walifariki. Harvey Cushing wa Marekani aliandika kitabu kizima juu ya uvimbe huu mwaka 1917 na akapunguza sana vifo hivyo. Katika miaka ya 1960 William House wa Los Angeles alianza kutumia darubini katika upasuaji huu. Leo, katika vituo vyenye uzoefu mkubwa, wanaofariki kwa upasuaji ni takriban 1 kati ya 100 au chini ya hapo. Hapa Afrika, wagonjwa wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa tayari mkubwa, na hilo linamwongezea daktari ugumu na mgonjwa hatari.

Njia zetu kutoka Simiyu

Kutoka Bariadi, hospitali ya kanda ni Bugando, Mwanza, kwa barabara ya Lamadi na Magu. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 na ina madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Juu yake ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Pamoja na jina lake la mifupa, ndiyo taasisi kubwa ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini.

Ndugu zetu wa Meatu wana jirani mwingine, Hospitali ya Kilutheri Haydom, ng'ambo ya Mto Sibiti, iliyoanza mwaka 1955. Mwaka 2006 alifika pale daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala. Badala ya kufanya upasuaji peke yake na kuondoka, alimfundisha Emmanuel Mayegga, aliyekuwa daktari msaidizi, kufanya upasuaji wa msingi wa ubongo na uti wa mgongo. Mayegga naye akamfundisha mwingine. Hatusemi kwamba uvimbe wa karibu na shina la ubongo utolewe kijijini. Kazi hiyo inahitaji darubini, ICU na timu yenye uzoefu. Tunachojifunza Haydom ni kwamba ujuzi ukipandwa karibu na watu, mgonjwa hutambuliwa mapema na huokolewa katika hatua ya kwanza.

Je, fedha zetu ziende huko?

Mjumbe anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike na ugonjwa wa watu wachache wakati watoto wetu wanakufa kwa malaria? Ni swali la haki. Nchi zilizopima vizuri hupata mgonjwa mpya 1 hadi 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Simiyu katika sensa ya 2022 ilikuwa na watu 2,140,497. Kwa hesabu hiyo wangekuwa kama 20 hadi 40 kwa mwaka. Kwa kuwa watu wetu wengi ni vijana, na ugonjwa huu huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60, tuseme ni pungufu ya hapo. Ni wachache kweli, na hatuombi mradi wa ugonjwa mmoja.

Tunachoomba ni njia ya rufaa inayofanya kazi. Njia hiyo hiyo itapitwa na mtoto mwenye kichwa kikubwa, kijana aliyeanguka na bodaboda, na mama mwenye kifafa kilichoanza ukubwani. Wote hukwama mahali pale pale: barua ya rufaa imeandikwa, imekunjwa na kuwekwa sandukuni, kwa sababu nauli hakuna na hakuna wa kumsindikiza mgonjwa.

Sisi ni wepesi wa kuchanga msibani. Daftari la rambirambi hujaa kwa siku moja. Ni vigumu zaidi kuchangisha nauli ya mtu ambaye bado anatembea na kucheka. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mapendekezo

Kwa kamati za sharika, tunapendekeza mambo manne:

1. Kila usharika uwe na daftari la rufaa. Liandikwe jina, tarehe ya barua, hospitali aliyotumwa, na tarehe aliyofika. Mjumbe mmoja alifuatilie kila mwezi, na litunzwe kwa siri.

2. Pawe na mfuko mdogo wa nauli ya mgonjwa na msindikizaji, chini ya mtunza hazina, wenye stakabadhi kama mifuko mingine.

3. Wahudumu wa afya ya jamii na walimu wa jumapili wafundishwe lile swali moja la sikio moja. Halihitaji kifaa chochote.

4. Tuhimize kaya zijiunge na bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kila kamati iulize ofisi ya bima wilayani kifurushi chake kinamfikisha mgonjwa ngazi gani, na kama MRI imo, kabla mtu hajaugua.

Kwa ndugu zetu wafadhili: tunajua jengo hupigwa picha nzuri, na nauli haina jiwe la msingi la kuzindua. Hata hivyo tunawaomba sehemu ya misaada yenu iende kwenye safari za wagonjwa, na kwenye mafunzo ya matabibu wa zahanati juu ya masikio na mishipa ya fahamu. Taarifa yake mtaiona katika daftari: wangapi walipewa barua na wangapi walifika. Hizo ndizo namba mbili tutakazowaletea kila robo mwaka, hata zikiwa hazipendezi.

Tunaomba kila kamati irudi usharikani na daftari hilo, na iteue mfuatiliaji kabla ya kikao kijacho. Wale wenye barua za rufaa zilizolala majumbani mnawafahamu kwa majina. Tuanze na hao.