Kisima Nacho Kina Kiasi Chake

Mazungumzo kuhusu maji ya chini ya ardhi katika Kaunti ya Isiolo



Katika jiji la Jakarta, Indonesia, kuna mitaa ya kaskazini ambako ardhi imeshuka zaidi ya mita 2 kwa muda wa miaka 10 tu. Leo bahari iko juu kuliko mitaa hiyo, na kinachoizuia isiingie majumbani ni ukuta. Mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuhamisha makao yake makuu hadi kisiwa kingine. Sababu kubwa ya ardhi kushuka ni visima. Wenyeji na viwanda ambavyo havikufikiwa na maji ya mfereji vilichimba na kuvuta maji kwa miaka mingi bila kupima.

Chini ya miji ya delta kuna tabaka za mchanga na mfinyanzi. Maji yaliyo kati ya chembe za udongo husaidia kubeba uzito ulio juu. Yakivutwa kupita kiasi, mfinyanzi hujibana, na hata mvua ikinyesha haurudi ulivyokuwa. Nchi kavu nayo haikusalimika. Katika bonde la San Joaquin, California, ambako mashamba hunyweshwa kwa visima, ardhi ilishuka karibu mita 9 kati ya 1925 na 1977.

Isiolo haina bahari wala delta. Hata hivyo, kuvuta maji bila kupima kunaweza kutokea popote penye pampu. Hapa dalili ya kwanza si nyumba kuzama. Ni maji kushuka kisimani hadi pampu inyonye hewa, au maji yaliyokuwa matamu kuanza kuwa na chumvi.

Hifadhi ya maji ya Merti ndiyo mfano wa karibu. Inaanzia upande wa Merti, inafuata njia ya Ewaso Ng'iro na kinamasi cha Lorian, kisha inapita Wajir na Garissa kuelekea Somalia. Wafugaji wanaitegemea, na kambi za wakimbizi za Dadaab zimeitegemea tangu 1991. Maji yake matamu yamepakana na maji ya chumvi. Mengi ni ya kale sana, na hujazwa polepole, hasa mto unapofurika. Kisima kikivutwa kuliko uwezo wake, maji ya chumvi husogea kuziba pengo. Chumvi ikizidi, ngamia atavumilia kwa muda, lakini ng'ombe atadhoofika na mtoto hatakunywa.

Pampu za sola zimeleta nafuu kubwa. Zamani bei ya dizeli ilizima jenereta yenyewe. Jua halidai pesa, kwa hiyo pampu inaweza kufanya kazi kutwa hata tangi likiwa limejaa na maji yanamwagika. Penye sola, binadamu ndiye anayepaswa kuamua saa ya kuzima.

Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, anayetaka kuchimba kisima kirefu anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kibali hicho si karatasi ya kusumbua watu. Kinamlinda jirani ambaye kisima chake kinategemea maji yale yale.

Kamati ya kisima inaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, kupima kina cha maji mara moja kila mwezi, asubuhi kabla ya pampu kuwashwa, na kukiandika daftarini. Pili, kufunga mita na kuandika kiasi kinachovutwa. Tatu, kutoa taarifa mapema kina kikiendelea kushuka au ladha ikibadilika. Daftari la miaka michache litaonyesha mapema kile ambacho macho hayaoni.

Nidhamu hii si ngeni. Wazee wa dedha miongoni mwa Waborana wamekuwa wakifunga visima vya kiangazi wakati wa mvua, mifugo ikinywa kwenye madimbwi na mabwawa, ili malisho ya kiangazi yapumzike. Kisima kilichofungwa nacho hupumzika, na maji yake hupata nafasi ya kupanda.

Tokyo nayo iliwahi kuzama, mitaa mingine kwa zaidi ya mita 4. Sheria zilipobana uvutaji wa maji, kushuka kukapungua na karibu kukoma. Lakini ardhi iliyokwisha kushuka haikupanda tena. Ndiyo maana kipimo hufaa kabla ya hasara. Kisima ambacho bado kina maji matamu leo ndicho cha kupimwa mwezi huu.