GATI LETU LIPAKWE NINI?

(Mazungumzo ya Kamati ya Gati mbele ya mkutano wa wanaushirika. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wenzetu waliokuwa ziwani siku ile. Ajuaye kusoma amsomee jirani yake.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanaushirika, akina mama wa dagaa, na nyinyi vijana wa mitumbwini:

Mmetutuma tuangalie gati letu la mbao tukarudi na majibu. Tumeliangalia ubao kwa ubao. Gati lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 2. Tangu masika iliyopita tumeng'oa mbao 9 zilizooza, na mwenzetu mmoja aliteleza na karai la dagaa kichwani. Alivunjika mkono, na mpaka leo hajarudi kazini. Kwa hiyo hatuzungumzi habari ya urembo. Tunazungumza habari ya mikono na miguu ya watu, na ya mali ambayo kila mmoja wetu ameichangia.

Mbele yenu kuna mapendekezo mawili. La kwanza, tuchukue oili chafu ya injini ambayo gereji za mjini ziko tayari kutupa bure, tulipake gati lote. La pili, tutoe fedha katika mfuko wa ushirika tununue mafuta ya mbao yenye rangi. Wengi wanasema, "Cha bure kina ubaya gani?" Ni swali la haki, na lijibiwe kwa hoja. Ila kwanza tuelewane kitu kinachoiua mbao.

ADUI WA MBAO NI NANI

Adui wa kwanza ni maji yanayoingia yasitoke. Kuoza si uzee. Kuoza ni kazi ya kuvu, na kuvu anahitaji unyevu. Mbao ikiwa na unyevu chini ya sehemu 20 katika 100, kuvu hawezi kuila. Ikizidi hapo na ikakaa hivyo, anaanza kazi. Ndiyo maana nguzo huoza upesi zaidi pale maji yanapokutana na hewa, kuliko chini kabisa ambako hakuna hewa ya kutosha. Na ziwa letu halikai mahali pamoja. Mwaka 1964 lilijaa sana, likajaa tena mwaka 2020 na mwaka 2024. Mbao ambazo mtu alizipigilia akijua zitakuwa kavu, zilijikuta majini.

Adui wa pili ni jua. Sisi hapa Mwanza tuko karibu na mstari wa Ikweta, na jua la saa sita linatupiga utosini. Linaupiga ubao uliolala kuliko uliosimama. Jua huvunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao. Ubao unageuka kijivu, unachanika, na mle kwenye nyufa maji yanapata mlango.

Adui wa tatu ni wadudu. Nchi kavu tuna mchwa. Majini wako mabuu wa wadudu warukao, ambao hutoboa mbao iliyozama. Wenzetu wa pwani wana mdudu wao wa maji ya chumvi anayekula majahazi. Ndiyo maana tangu zamani wao hupaka vyombo vyao deheni kwa chini, na sifa, yaani mafuta ya papa, kwa juu. Hawakupaka siku moja wakaacha. Chombo kilipandishwa pwani kikapakwa tena na tena. Hilo ndilo la kujifunza kwao: mafuta ya mbao si dawa ya mara moja, ni malezi.

VITU VINAVYOPAKWA, NA SIFA ZAKE

Vanishi na rangi nzito ya mafuta. Hivi hukaa juu ya ubao kama ngozi. Kwenye mlango au ubavu wa mtumbwi vinapendeza na vinafaa. Lakini gati linakanyagwa, linaburutiwa masanduku na injini. Ngozi ile ikipasuka mahali padogo tu, maji huingia chini yake na hayawezi kutoka. Juu unaona kunang'aa, chini kunaoza. Tena ili upake upya huna budi kukwangua yote ya zamani.

Lami. Fundi wa mitumbwi huitumia pamoja na pamba kukalafati, na kazi yake hiyo hatuigusi. Juu ya gati haifai, maana jua likipanda inalainika na kushika nyayo na nyavu.

Mafuta ya kupikia. Wako waliouliza kuhusu mafuta ya mbegu za pamba, kwa kuwa pamba ni zao letu. Ndugu, mafuta ya pamba na ya alizeti hayakauki vizuri. Mawese hayakauki kabisa. Yanabaki yananata, yanashika vumbi, na yanalisha kuvu na panya.

Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo dukani huitwa linsidi. Haya hukauka na kuwa magumu ndani ya mbao, hasa yale yaliyotengenezwa yakauke upesi. Ni mazuri. Yakipakwa peke yake hayazuii jua, na mahali penye unyevu kama hapa hufanya madoa meusi ya ukungu.

Mafuta ya kupenya yenye rangi. Haya huingia ndani ya nyuzi, hayafanyi ngozi, na ile rangi iliyomo ndiyo kofia ya jua. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo kinga inavyozidi. Yasiyo na rangi yanaonyesha uzuri wa mbao, lakini jua linapita kama kwenye kioo. Wakulima wa Uswidi wamepaka nyumba zao za mbao rangi nyekundu itokayo kwenye mgodi wa shaba wa Falun kwa karne nyingi. Wekundu wake ni wa kutu ya chuma, na jua haliumalizi upesi.

HABARI YA OILI CHAFU

Sasa turudi kwenye cha bure. Ni kweli oili chafu humsumbua mchwa, na wengi wetu tumeipaka kwenye nguzo za uzio shambani. Gati si uzio wa shambani. Sababu ni nne:

1. Oili ya injini haikauki. Ilitengenezwa ili iteleze, na itateleza. Mwenzetu aliyevunjika mkono aliteleza kwenye ute wa samaki tu. Je, tukiongeza oili?

2. Kwa kuwa haikauki, mvua inaikosha. Vuli ikipita, gati linabaki tupu, na oili imekwenda ziwani.

3. Oili iliyokwisha kutumika imebeba masizi na vumbi la madini lililosagika ndani ya injini. Ziwa hili tunaliita ziwa, lakini kwa kweli ni mtungi wetu. Jiji la Mwanza linakunywa maji ya ziwa, na sisi watoto wetu wanachota hatua chache tu kutoka gatini. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujifunza habari za maji safi. Hatukujifunza yale ili leo tuupake mtungi sumu kwa mikono yetu. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuchafua maji.

4. Samaki na dagaa wetu hupita juu ya mbao zile. Mnunuzi akinusa oili kwenye gunia moja, atalirudisha gari zima.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Oili ni ya bure gereji. Huku kwetu tutailipia.

TUNUNUE NINI

Mkifika duka la vifaa msiseme tu, "Nipe rangi ya mbao." Ulizeni mafuta ya mbao ya nje, ya kupenya, yenye rangi, yenye kinga ya kuvu, yasiyofanya ngozi. Msomeeni muuzaji maneno haya kama yalivyo, na someni kopo kabla ya kulipa. Likiandikwa ni la ndani ya nyumba, liacheni. Likionya kwamba lisitumike juu ya maji, liacheni pia.

Lita moja hutosha kama mita 8 za mraba kwa mbao iliyopigwa randa. Mbao ya msumeno mtupu hunywa zaidi. Gati letu juu ni mita za mraba 24, kwa hiyo mkono mmoja ni lita 3, mikono miwili lita 6. Ongezeni lita 2 kwa ncha na pembeni. Jumla ni lita 8. Mbao zenyewe kabla hazijapigiliwa zipakwe na upande wa chini, maana zikishapigiliwa hakuna atakayelala kwenye maji apake juu.

Kuhusu mbao za kuziba mapengo: mvule na mninga hudumu, mradi ni kiini na si ile sehemu nyeupe ya nje. Lakini ni ghali na miti yake inapungua. Msonobari unapatikana kwa urahisi, hata katika mashamba ya serikali ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi kule Buchosa. Msonobari usiotiwa dawa ukikaa kwenye maji na jua hauna maisha. Uliotiwa dawa kiwandani unafaa, ila vipande vyake visipikiwe wala kufukizia samaki, kwa sababu moshi wake ni sumu.

NAMNA YA KUPAKA

Kwanza, chomeni kila ubao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, ubao huo ung'olewe. Mafuta hayafufui mbao iliyokufa. Mnapopigilia mpya acheni nafasi ya unene wa msumari mkubwa kati ya ubao na ubao, maji yapate njia. Tumieni misumari ya mabati.

Pili, osheni kwa brashi ngumu, sabuni kidogo na maji, magamba na ute vyote vitoke. Kisha msasa.

Tatu, acheni jua likaushe siku 3 kamili. Wakati mzuri ni kati ya Juni na Agosti, kabla vuli haijaanza. Kupaka mbao yenye maji ndani ni kumfungia mwizi chumbani.

Nne, korogeni kopo mpaka chini, maana rangi huzama. Pakeni asubuhi au jioni, si jua kali, kwa kufuata nyuzi za mbao. Baada ya robo saa, yale yaliyobaki juu yafuteni kwa kitambaa. Mafuta yasiyoingia ndani yatanata tu. Ncha zilizokatwa msumeno zipakwe mara 3, maana huko ndiko mbao inakonywa maji kama mrija.

Tano, na hili lishikeni sana: vitambaa vyenye mafuta ya linsidi au ya jamii yake vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vilowesheni kwenye ndoo ya maji, kisha vianikwe kimoja kimoja mbali na nyumba. Mabaki ya kopo yasimwagwe ziwani.

Gati lifungwe nusu nusu, siku 2 kila nusu, ili kazi isisimame.

Chanja za kuanikia dagaa zisipakwe kitu chochote. Chakula kikae juu ya wavu safi na mbao tupu.

MALEZI

Kila jioni wa mwisho kuondoka afagie na kumwaga ndoo mbili. Kila baada ya miezi 3, mwanakamati anyunyize maji ubaoni. Yakisimama kama matone kwenye jani la gimbi, mafuta bado yapo. Yakinywewa dakika chache tu, mbao ina kiu, ipakwe. Kwa jua letu, pa kukanyaga patahitaji mkono mmoja kila mwaka, na nguzo na vizuizi vya kushika vinaweza kungoja miaka 2. Kwa kuwa mafuta haya hayana ngozi, hakuna kukwangua: mnaosha, mnakausha, mnapaka. Bandu bandu huisha gogo, jamani, na gogo lenyewe ndilo hili tunalosimamia.

TUNAYOOMBA MKUTANO UAMUE

1. Oili chafu isipakwe gatini wala kwenye chombo chochote cha ushirika.
2. Mtunza hazina aruhusiwe kununua lita 8 za mafuta ya kupenya yenye rangi ya kahawia iliyokolea au nyekundu, baada ya kuuliza bei katika maduka matatu na kuzibandika hapa ukutani.
3. Kila mwaka, mauzo ya dagaa ya siku moja mwezi wa Juni yawekwe kando kwa ajili ya gati, ili tusifanye mchango wa dharura.
4. Mwenzetu aliyeumia asaidiwe na mfuko mpaka mkono upone.

Tusije tukapiga kura kwa kuoneana haya. Anayeona oili bado ina faida asimame aseme, naye atasikilizwa. Ila aseme pia ni nani atakayekuwa wa kwanza kubeba karai juu yake.

Kazi itaanza Jumamosi ya kwanza baada ya uamuzi, saa 1 asubuhi. Wenye brashi ngumu waje nazo, wenye kisu waje nacho, na watoto wabaki nyumbani.

Kamati ya Gati