Imani ya Mkristo katika Biashara ya Ushirika

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama, Dodoma, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Twawashukuru kwa heshima mliyotupa sisi wazee wa makanisa ya eneo hili, kutuita tuseme neno katika siku ya furaha kama hii. Barua ya Katibu ilitutaka tueleze jinsi Mkristo awezavyo kuishi imani yake ndani ya biashara. Neno hili ni zito, kwa kuwa wengi hudhani dini ina siku yake, nayo ni Jumapili, na biashara ina siku zake sita, na ya kwamba ni afadhali zisikutane. Sisi tulioandika maneno haya ni wakulima wa zabibu, alizeti na mtama, na baadhi yetu tumepata kuwa makarani na wajumbe wa bodi katika vyama vyetu vya msingi. Kwa hiyo hatusemi kama watu wasioijua mizani.

Kwanza yatupasa kuondoa shaka moja. Chama hiki si kanisa, wala haifai kiwe kanisa. Ndani yake wamo Wakristo, wamo Waislamu, na wamo wanaoshika desturi za wazee wao. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao wafumaji, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walishika kanuni ya kutombagua mtu kwa dini wala kwa siasa. Kanuni hiyo imo pia miongoni mwa zile saba zilizokubaliwa na vyama vya ushirika vya ulimwengu mjini Manchester mwaka 1995. Mkristo aliye katika bodi, akimpa Mkristo mwenziwe mbegu kabla ya jirani aliyestahili, asidhani ameitumikia imani. Amemdhulumu jirani, naye ameitia imani yake aibu. Basi imani hiyo na ionekane wapi? Twaona kuna mahali patatu: penye mizani, katika daftari, na ghalani.

Sheria ya Musa iliwakataza Waisraeli kuwa na mawe mawili mfukoni, moja zito la kununulia na moja jepesi la kuuzia. Nabii Amosi, ambaye mwenyewe alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakiona Sabato inachelewa kwisha, ili warudi wakauze nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Sisi watu wa Ugogo, tuliokulia nyuma ya ng'ombe, twamwelewa upesi mchungaji huyu. Nasi tunayo lumbesa. Sheria yetu yasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi huja kijijini akaliongeza gunia kichwa kwa kipande cha gunia lingine, akakishona juu, kisha akalipa bei ya gunia moja. Mama aliyelima kwa jembe la mkono tangu mwezi wa Desemba humpa mtu huyo debe zima, pengine zaidi, bila malipo.

Ushirika ulianzishwa ili mambo hayo yakome. Lakini mizani ya ushirika nayo husomwa na mtu, na mtu aweza kujaribiwa. Ndiyo maana twasema uso wa mizani uelekezwe kwa mwenye mali, asome mwenyewe, na asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini. Mizani na ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu kuanza, isingojewe mpaka watu wanung'unike. Nasi wakulima tusijione watakatifu kwa kuwa tumezoea kudhulumiwa. Anayetia mchanga katika ufuta ili uzito uongezeke hamwibii mnunuzi peke yake. Mnunuzi akikuta mchanga katika gunia moja, hushusha bei ya ghala zima, na aliyepepeta ufuta wake kwa uaminifu hulipia dhambi ya mwenziwe. Mkristo na awe wa kwanza kuchekecha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ushirika wa nchi hii umelijua jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, nayo ikakuta wanachama wengi hawafahamu mambo ya vyama vyao, watumishi wenye ujuzi ni haba, na wengine si waaminifu. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, kazi zake zikapewa vijiji na mashirika ya umma, hata sheria ya mwaka 1982 ilipoviruhusu virudi. Hatusemi kuwa hesabu mbovu peke yake ndiyo iliyovivunja, maana siasa za wakati ule zilikuwa na nguvu zake. Lakini twasema hivi: chama ambacho wanachama wake hawajui kilicho ndani ya daftari hakina watu wa kukitetea siku ya taabu.

Katika makanisa yetu kuna desturi moja ambayo twaiogopa. Mtu akichaguliwa mweka hazina, wenzake husema, huyu ni mtu wa sala, hana haja ya kukaguliwa. Maneno hayo yana sura ya heshima, lakini humwacha ndugu peke yake mbele ya majaribu. Mtume Paulo alipokusanya sadaka kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakutaka fedha hiyo ipite mikononi mwa mtu mmoja. Katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho aeleza jinsi alivyomtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu. Ikiwa mtume mwenyewe aliona haja ya mashahidi, karani wa chama cha msingi atakasirikaje akiulizwa stakabadhi? Mkaguzi wa COASCO ajapo, na apokewe kama mgeni mwema, wala asionekane kuwa adui. Amekuja kulinda jina la karani mwaminifu kama alivyokuja kulinda fedha ya mwanachama.

Kabla hatujafika ghalani, tuseme neno moja juu ya ujira. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nazo zikikatwa haziwezi kungoja. Hata siku chache huziharibu. Kwa hiyo mkulima huwaita vibarua kwa haraka, na baada ya mavuno hulalamika kwa haki kabisa kwamba mnunuzi amechelewesha malipo. Lakini wako miongoni mwetu wanaolia juu ya mnunuzi hali wao wenyewe wamekaa na ujira wa mchumaji majuma mawili. Torati yasema ujira wa kibarua usilale kwako hata asubuhi. Haisemi kwamba uruhusiwe kulala ikiwa nawe hujalipwa. Hapa imani hudai zaidi ya desturi ya soko: yakupasa utenge fedha ya mchumaji kabla hujamwita shambani.

Sasa tuje kwenye ghala, na hapo ndipo lilipo jambo linalowagawa wanachama leo. Twajua kwamba mbele ya mkutano huu iko hoja ya kuigawa sehemu ya akiba ya Chama, kila mwanachama apate kitu katika mwaka huu wa kumi. Hatuwadharau walioileta. Ada za shule hazingoji, na wazee waliolipa hisa zao za kwanza wasema kwa kweli kwamba huenda wasiione sherehe ya miaka ishirini. Wengine wameongeza neno la dini, wakisema Mkristo hawezi kufunga sanduku huku jirani yake ana shida. Neno hilo latuhusu sisi hasa, nasi yatupasa kulijibu.

Nchi yetu ya uwanda wa kati hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo yote huja katika msimu mmoja, kuanzia Desemba hata Aprili. Mvua ikikatika Januari, hakuna msimu wa pili wa kutuokoa. Wazee wetu walitusimulia habari za Mtunya, ile njaa iliyofuata vita vya kwanza vya dunia, wakati majeshi yalipokwisha kuchukua nafaka na mifugo, kisha mvua ikakosekana. Watu wengi wa Ugogo walikufa, wengine wakatawanyika. Hata katika njaa ndogo zilizofuata, jambo moja halikubadilika: mwenye ng'ombe humuuza kwa bei ya kutupa ili anunue nafaka kwa bei ya juu, na mvua inaporudi, hana ng'ombe tena.

Mambo ya namna hiyo yaliwapata watu wa Ujerumani katika njaa ya miaka ya 1846 na 1847. Huko Weyerbusch palikuwa na meya kijana, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mkristo wa dhati. Aliwashawishi wenye uwezo watoe fedha, zikanunua nafaka, pakajengwa tanuri la wote, na maskini wakapewa mkate kwa mkopo wa kulipwa baada ya kupata mavuno. Kazi hiyo iliokoa watu. Lakini kadiri miaka ilivyopita, Raiffeisen aliona kwamba wema wa matajiri huchoka, na anayesaidiwa kila mwaka hubaki pale pale. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, akaanzisha chama cha mikopo ambacho wakopaji wenyewe walikuwa ndio wanachama, kila mmoja akiwajibika kwa deni la mwenziwe. Upendo wake kwa jirani haukupungua. Aliujengea nyumba ya kudumu, na akiba isiyogawanywa ilikuwa nguzo mojawapo ya nyumba hiyo.

Hilo ndilo jibu letu la kwanza. Akiba ya Chama si yetu sisi tulioketi hapa peke yetu. Ni ya mwanachama atakayepigwa na ukame mwaka ujao, na ya mtoto wake. Mtu akitoa sadaka, na atoe mfukoni mwake. Akitoa katika sanduku alilokabidhiwa na wengine, ameifanya mali ya amana kuwa sifa yake mwenyewe. Pale ziada ya mwaka inaporuhusu, na sheria na masharti ya Chama yanapokubali, mwanachama alipwe kwa kadiri ya mazao aliyoyaleta. Hiyo ni haki yake. Lakini akiba na iachwe.

Jibu la pili ni kwamba haitoshi kulinda fedha benki. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma jinsi Yusufu alivyoshauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe katika miaka ya shibe. Wahubiri hulisifu shauri hilo, nasi twalisifu. Ila mara chache husomwa sura inayofuata baadaye, ambapo watu wa Misri, walipokuja kununua nafaka ile ile, walitoa fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, hata wakawa watumwa wa Farao. Ghala liliwaponya na njaa, lakini halikuwa ghala lao. Hapa twaona thamani ya ushirika: katika ghala la wanachama, mwenye njaa ndiye mwenye ufunguo.

Kwa hiyo twaleta ombi. Badala ya kuigawa akiba, kila chama cha msingi kitenge ghala la mtama na uwele, na kila mwanachama apeleke humo debe moja wakati wa mavuno, liandikwe kwa jina lake. Mwaka wa njaa lisipopatikana shambani, akope humo, alipe kwa nafaka mvua irudipo. Asiye na shida na aliache debe lake lilale kwa ajili ya mwenziwe. Waislamu wenzetu wanaijua zaka, nao hawatalishangaa shauri hili. Haba na haba hujaza kibaba.

Na shauri hili lenyewe lihesabiwe kwanza. Bwana Yesu alisema habari za mtu ajengaye mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Hapa karibu nasi, Kongwa, Serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 kufyeka pori kwa ajili ya karanga, ikaacha mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea. Trekta zilikuwa nyingi; waliouliza mvua hunyeshaje na udongo hukauka vipi walikuwa wachache. Basi na tuulize: ghala litajengwa na nani, nafaka italindwaje na wadudu, na ni nani atakayeshika ufunguo pamoja na nani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kura itapigwa alasiri hii. Kila mwanachama ana kura moja, mwenye ekari kumi za mizabibu na mwenye ekari moja ya mtama. Twawaomba Wakristo wenzetu wasipige kura kwa kuwa mzee wa kanisa amesema, bali wayapime maneno haya kama tulivyoomba mazao yapimwe, uso wa mizani ukiwa umewaelekea. Mwenyezi Mungu akibariki Chama hiki, aijalie nchi yetu mvua ya wakati wake, na amlinde kila ashikaye mali ya wenziwe.