Uvungu wa Meza ya Kisasa: Neno kwa Maseremala na Wenye Hoteli wa Mara

Mwenyekiti wa semina, maseremala mahiri wa Musoma, Bunda na Butiama, nanyi wenye hoteli na nyumba za wageni: nimeombwa kunena juu ya meza za mtindo mpya, na kwa kuwa picha zake mwaziona kila uchao katika simu zenu, sitazikariri, bali nitawaomba tuiname tuutazame uvungu, maana aghalabu huko ndiko kasoro zinakositirika chini ya uso unaong'aa vanishi.

Mwaka 1957 msanifu Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyefanya kazi Marekani, alitoa meza ya mguu mmoja, kwa kuwa alichukizwa na msongamano wa miguu ya meza na viti. Fikira hiyo, ijapokuwa ya mbali, yawafaa sana wenye hoteli wa Musoma: meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 120 ina mzingo wa sentimita 377 hivi, na kwa kuwa kila mlaji ahitaji takriban sentimita 60, huketi watu sita, wote wakiifikia sinia ya sato mzima kwa umbali ulio sawa, wala hapana maskini wa kupakata mguu wa meza. Sharti kitako kiwe kipana na kizito, ama sivyo mzee akiuegemea ukingo ili ainuke, mchuzi utamwagikia kanzu yake.

Lakini adui mkubwa ni unyevu. Ubao hufura na kunywea katika upana wake, ilhali urefu haubadiliki ila kwa kiasi kisichoonekana. Hivyo meza iliyoundwa kando ya ziwa, uso wake ukakazwa kwa gundi na misumari juu ya fremu, ikipelekwa ofisini penye kiyoyozi hukauka, na kwa kuwa haina nafasi ya kujivuta, hupasuka. Fundi mwenye maarifa huufunga uso kwa skrubu zilizopitishwa katika matundu marefu kidogo, ubao upate kusogea. Mninga una tabia ya utulivu kuliko mbao nyingi. Hata hivyo, mninga mbichi nao hausameheki.

Kwa migahawa ya Bunda, inayowapokea wasafiri wa barabara ya Mwanza na Musoma, nawasihi mjihadhari na mbao za nyuzi za miti zilizoshindiliwa, ziitwazo MDF: maji ya kunawia yakiingia pembeni, hufura zisirudi tena. Butiama, ambako wageni huja kulizuru Jumba la Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, hoja ni nyingine: meza ya sebuleni yenye kimo cha sentimita 45 ni nzuri kwa chai, lakini ugali juu yake ni adhabu ya mgongo, mwenye kula chakula aandaliwe ya sentimita 75.

Pendekezo langu ni kwamba karakana kadhaa zichangie kununua kipima-unyevu kimoja, na mnunuzi asipokee meza ya ndani ambayo unyevu wa mbao zake umezidi asilimia 12.