Mtihani wa Kwanza wa AP Umekwenda Vibaya: Tufanye Nini Wiki Hii?

Mazungumzo na wazazi na wanafunzi wa sekondari katika mkutano wa Jumamosi

Najua wengine mmetoka kazini alfajiri na bado hamjalala, kwa hiyo sitawachosha.

Kila mwaka, masomo yakishaanza, vijana wetu wanaosoma AP huleta nyumbani karatasi ya mtihani wa kwanza, na nyumba nzima hushtuka. Mtoto aliyezoea A amepata 52. Anasema hataki tena somo hilo. Mzazi kwa huruma anamwambia, "Mwanangu, usijitese, rudi darasa la kawaida." Kabla ya kufika huko, kuna mambo ya kufanya kwanza, na mengi yanawezekana ndani ya wiki moja.

Kwa wale ambao jina hili ni geni kwao: AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa katika sekondari za hapa Marekani. Mwezi wa Mei kuna mtihani unaofanywa nchi nzima, na alama zake ni 1 hadi 5. Vyuo vingi hutoa krediti kwa aliyepata 3 au zaidi. Vingine hutaka 4 au 5. Maana yake ni kwamba somo ambalo mngelilipia chuoni, mtoto anaweza kulimaliza akiwa bado anakula ugali wa nyumbani. Hiyo ni pesa. Tusiitupe kwa sababu ya karatasi moja.

Sasa, tujue alama inasema nini. Kongo, 50 kwa mia ni kufaulu. Tanzania, kidato cha nne, A huanzia 75. Hapa, katika shule nyingi, A huanzia 90 na chini ya 60 ni F. Kwa hiyo mzazi anaweza kuona 68 akampongeza mtoto, kumbe hapa ni D. Lakini kuna tofauti nyingine inayotusaidia. Kwetu mtihani wa mwisho ndio huamua karibu kila kitu. Hapa alama ya darasani hujengwa kidogo kidogo muhula mzima, na silabasi ya mwalimu huonyesha kila kazi ina uzito gani.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme mitihani ni asilimia 60 ya alama, na muhula una mitihani mitano. Wa kwanza umepata 52. Ukipata 85 katika minne iliyobaki, wastani wa mitihani ni 78.4. Asilimia 40 nyingine ni kazi za nyumbani, maabara na majaribio madogo. Ukipata 92 huko, alama yako ya muhula ni karibu 84. Hiyo ni B. Vijana, chukueni silabasi leo jioni, mfanye hesabu hii kwa alama zenu wenyewe. Na mkumbuke: kazi isiyorudishwa mara nyingi huandikwa sifuri, na sifuri huvuta chini kuliko 52.

Baada ya hesabu, rudi kwenye karatasi yenyewe. Wengi huificha chini ya begi. Itoe. Chukua kila swali ulilokosa, uliweke katika moja ya mafungu matatu: sikujua jambo lenyewe, nilijua lakini nilikosea kwa haraka au muda uliniishia, nilijua lakini sikuelewa swali linataka nini.

Fungu hilo la tatu ndilo nataka tukae nalo, maana ndilo linalowaumiza zaidi watoto waliosoma kwa Kiswahili au Kifaransa kabla ya kuja huku. Katika maswali ya kuandika ya AP kuna maneno ya kuamuru: identify, describe, explain, justify. Kwa Kiswahili, describe na explain yote tunayatafsiri "eleza". Hapo ndipo alama zinapotea. Identify inataka utaje tu. Describe inataka useme jambo likoje au limefanya nini. Explain inataka sababu: kwa nini au kwa namna gani. Justify inataka uthibitishe dai lako kwa ushahidi.

Chukua mfano wa biolojia. Swali linasema describe kilichotokea kwa kimeng'enya kilipopashwa moto mno. Ukisema kasi ya utendaji ilishuka, umemaliza. Lakini likisema explain, jibu hilo halitoshi. Lazima useme kwamba joto limebadilisha umbo la kimeng'enya, kwa hiyo kitu kinachotakiwa kushikana nacho hakiingii tena mahali pake. Mtoto anaweza kuyajua yote mawili, akaandika la kwanza tu, akakosa alama. Huyo hakosi akili wala hakushindwa na somo. Amekwama kwenye neno moja, na neno hujifunzwa kwa siku moja.

Mazoezi yapo, tena bure. College Board, taasisi inayoendesha AP, huweka kwenye tovuti yake maswali ya kuandika ya miaka iliyopita pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Fanya swali moja bila kuangalia daftari, kisha jisahihishe kwa mwongozo. Utaona mahali alama zinapotoka. Kusoma daftari mara tano kunakufanya ujisikie unajua. Kufunga daftari na kuandika ndiko kunakokuonyesha kama unajua kweli.

Kisha nenda kwa mwalimu. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wengi wetu tumelelewa kwamba heshima kwa mwalimu ni kukaa kimya. Hapa ukikaa kimya, mwalimu anadhani umeelewa au hujali. Walimu wengi wana muda wa kuwasaidia wanafunzi kabla au baada ya vipindi. Nenda na karatasi yako na maswali mawili uliyoyachagua. Usiseme, "Sielewi chochote." Sema, "Hapa niliandika hivi, nikapata alama moja kati ya tatu. Kilikosekana nini?" Uliza pia kama anaruhusu kusahihisha mtihani au kuurudia, wengine huruhusu, wengine hapana. Kuuliza si ujinga.

Wazazi, nanyi mna kazi yenu, hata kama biolojia hamkuisoma. Mtoto anahitaji saa moja ya utulivu ambayo hapigiwi kelele wala hatumwi kumbeba mdogo wake. Kama zamu zenu ni za usiku, pangeni saa hiyo na watoto wote ili kila mmoja aijue. Na mkitaka kuonana na mwalimu, ombeni mkalimani. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa na sheria kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na hamlipi chochote. Msimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachozungumzia alama zake mwenyewe. Mtatoka hapo mmefurahi sana, na hamtajua kilichosemwa.

Je, kuna wakati wa kuacha somo? Upo. Kama mtoto amefanya haya yote kwa wiki kadhaa na bado anazama, au hapati usingizi, au somo moja linaangusha mengine manne, kurudi darasa la kawaida si aibu. Lakini muoneni kwanza mshauri wa shule, mumuulize mambo matatu: mwisho wa kubadilisha darasa ni tarehe gani, kubadilisha kutaonekana vipi kwenye rekodi ya mtoto, na alama aliyonayo sasa itamfuata au itaachwa.

Muulizeni pia kuhusu ada ya mtihani wa Mei. Familia zenye kipato kidogo hupunguziwa, na mahali pengine shule au jimbo hulipa kilichobaki. Kwa masomo ya mwaka mzima, usajili kwa kawaida hufungwa Novemba, kwa hiyo msingoje baridi ikolee.

Vijana, Jumatatu mwalimu atakuwepo kabla ya kengele. Nendeni na karatasi mkononi. Wazazi, usiku wa leo msiulize, "Umepata ngapi?" Ulizeni, "Nionyeshe swali moja ulilokosa, unieleze." Mkisikia ametoa sababu, mjue ameanza kuelewa maana ya explain.

Wenye silabasi mkononi, njooni hapa mbele tupige hesabu pamoja.