Mgeni Aitwaye Hasira

Neno la kutafakari: Mwanzo 4:1-10, Mathayo 5:21-24

Wapendwa wasikilizaji, nawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii ya Dominika: ninyi mlioko Njombe mjini, ambako baridi bado haijaondoka madirishani, ninyi wa Makambako, mlioamshwa na honi za malori, nanyi mlioketi jikoni kando ya moto, chai ikichemka. Kamwene!

Leo natamani tumtazame mkulima mmoja. Jina lake ni Kaini. Tumezoea kumtaja kama muuaji, hata tumesahau kwamba kabla ya kuwa muuaji alikuwa mtu wa jembe kama sisi. Alipeleka mazao ya shamba lake mbele ya Mungu, akaona hayakukubaliwa, huku sadaka ya mdogo wake imepokelewa. Akakasirika mno, na uso wake ukakunjamana. Angalieni sasa Mungu anafanya nini. Hamwadhibu. Hamwambii kwamba hasira ni dhambi. Anamwuliza swali: kwa nini umekasirika? Kisha anamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni, naye yampasa aishinde. Saa ile damu ilikuwa haijamwagika. Dhambi ilikuwa mlangoni, haijaingia ndani. Kulikuwa bado na nafasi.

Na Kaini alijibu nini? Mkifika nyumbani isomeni tena sura hiyo. Hamtaona jibu lolote. Mungu aliuliza, Kaini akanyamaza, akamgeukia ndugu yake, na shambani akamwua. Swali la kwanza lilipokosa jibu, likafuata la pili lililo zito zaidi: yuko wapi ndugu yako?

Wapendwa, mambo mengi katika nyumba zetu huharibika katika nafasi hiyo ndogo, kati ya swali la Mungu na mkono unaoinuliwa.

Chukueni mfano wa mkulima wa viazi. Amelima kwa taabu, mbolea kwa mkopo, mvua kwa mashaka. Anafika mnunuzi, naye anataka gunia la lumbesa, lililojazwa likapita kimo chake na kuongezwa kichwa juu, kwa bei ya gunia la kawaida. Mkulima anajua kwamba sheria ya vipimo inakataza jambo hilo. Anajua anadhulumiwa. Lakini ada ya shule inamngoja, na viazi havingoji. Anauza, anatabasamu, anashukuru. Jioni anarudi nyumbani, anakuta mtoto amemwaga maziwa. Kikombe kimoja tu cha maziwa! Na mtoto yule anapigwa kipigo ambacho hakikuwa chake. Ameadhibiwa kwa deni la mfanyabiashara ambaye hata hamjui, na ambaye muda huo gari lake limekwisha kupita Makambako.

Tena si nyumba moja moja tu. Sisi wa Njombe tunakumbuka mwanzo wa mwaka 2019, watoto wadogo kadhaa walipouawa katika mkoa wetu, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Tulilia sote. Lakini pamoja na machozi ilikuja hofu, na hofu ikamleta ndugu yake, shaka. Mgeni yeyote akatazamwa kwa jicho baya. Hofu ile ilikuwa na sababu ya haki kabisa. Nani asingehofia mtoto wake? Lakini hata hofu yenye haki, isipoulizwa swali, yaweza kuokota jiwe na kumpiga asiye na kosa.

Tufanye nini basi na hisia hizi nzito: hasira, hofu, wivu, huzuni, aibu? Wengi wetu tulifundishwa njia mbili tu. Ya kwanza ni kuitoa hasira: kufoka, kupiga, kuvunja. Ya pili ni kuimeza, na hii mara nyingi tunaiita uvumilivu wa Kikristu. Lakini kilichomezwa bila kutafunwa hakilali tumboni kwa amani. Mkulima wetu aliimeza hasira yake mbele ya mnunuzi, akaitapika mbele ya mtoto.

Iko njia ya tatu, nayo ni kuitazama. Na hapa sioni haya kuwaambia kwamba wako jirani zetu wa dini nyingine waliolitafakari jambo hili kwa muda mrefu sana. Wafuasi wa Budha, aliyefundisha huko India yapata miaka 2,500 iliyopita, wana desturi ya kuketi kimya, kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka, na kuiangalia kila hisia inapozuka, bila kuifukuza na bila kuifuata. Msidhani ni watu wa mbali tu. Chama cha Wabudha wa Kisinhala, waliotoka Ceylon ambayo leo ni Sri Lanka, kilianzishwa Dar es Salaam, na hekalu lao lipo Upanga. Uganda nako, karibu na Entebbe, mtawa Mganda aitwaye Bhante Buddharakkhita alianzisha kituo cha Kibudha mwaka 2005.

Mtu wa Makambako ataielewa desturi hiyo upesi. Ketini kituo cha mabasi pale njia panda. Basi hili linakwenda Songea, lile Tunduma, jingine Dar es Salaam. Wapiga debe wanaita, wengine wanakushika mkono. Lakini si kila basi linalopita ni lako. Unaliona, unalitambua, unaliacha liende. Hasira nayo hupiga debe. Inaita kwa sauti kuu, inataka upande sasa hivi. Aliyezoea kuketi na kutazama anaweza kusema: nimekuona, najua uendako, sipandi.

Labda katekista mmoja ananiuliza: Padre, je, Mkristu anaruhusiwa kujifunza kwa hao? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristu, uliutaja Ubudha kwa jina, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Na mwaka 1989 barua kutoka Roma kwa maaskofu, juu ya tafakari ya Kikristu, ilieleza kwamba twaweza kupokea lililo la manufaa katika njia hizo, mradi tusipoteze maana ya sala yetu. Barua hiyo ilitoa pia onyo ambalo yatupasa kulishika: utulivu wa mwili peke yake si Roho Mtakatifu. Mbudha huketi na kutazama. Sisi twaketi na kutazamwa. Yupo anayetuuliza swali, naye anangoja jibu.

Kwa kweli sisi wenyewe tulikuwa na hazina hiyo, tukaisahau. Nabii Yona alipokasirika, Mungu alimwuliza kama alivyomwuliza Kaini. Tofauti yao ni hii: Yona alijibu. Alijibu vibaya, kwa ukaidi, lakini alijibu, na mazungumzo yakaendelea, na hakuna aliyeuawa. Bwana wetu mwenyewe kule Getsemani hakuificha huzuni yake. Aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, kisha akaipeleka kwa Baba. Na Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha wafuasi wake kuitazama siku nzima mbele ya Mungu, na kuyapima yaliyopita moyoni.

Hata lugha yetu ya Kiswahili inatufundisha. Hatusemi, "Mimi ni hasira." Tunasema, "Nina hasira," yaani niko pamoja nayo, kama vile ninavyosema nina mgeni. Twasema hasira imenipanda, hofu imenishika, huzuni imenijia. Wazee wetu walijua kwamba hasira si mwenye nyumba. Ni mgeni. Na mgeni tunajua kumpokea: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Basi jioni ya leo, kabla jua halijachwa, fanyeni hivi. Ketini mahali patulivu, hata kama ni kwenye kigoda nje ya mlango. Fanyeni ishara ya msalaba. Vuteni pumzi polepole mara kadhaa, mkikumbuka ni nani aliyempulizia Adamu pumzi hiyo. Kisha mwiteni mgeni kwa jina lake: hii ni hasira, huu ni wivu, hii ni aibu. Msimdanganye Mungu kwa jina zuri. Sikilizeni amekaa wapi mwilini: kooni, kifuani, mikononi. Halafu mwulizeni kwa upole: umetoka wapi? Nani hasa amenikosea? Ni huyu mtoto, au ni yule mwenye gunia? Yaambieni hayo kwa Bwana kama mnavyomwambia rafiki. Mwisho mwombeeni mmoja aliyewakosea, hata kwa neno moja. Wabudha nao hujizoeza kumtakia mema adui, wakianza na nafsi zao na wale wanaowapenda. Sisi tumeamriwa na Kristu mwenyewe; itakuwa aibu tukishindwa na jirani ambaye hakuisikia Injili.

Na siku ya tatu, mpeni mgeni jembe. Hasira iliyotazamwa mara nyingi hugeuka kuwa kazi. Mkulima wetu, akiisha kuketi na hasira yake, hatampiga mtoto. Lakini pia hatanyamaza juu ya lumbesa. Atakwenda kwa wenzake, watakubaliana kwa pamoja kutouza gunia la dhuluma, watapeleka malalamiko panapohusika. Kuitazama hasira si kukubali kuonewa. Mama unayepigwa nyumbani, sikuambii uvute pumzi na kuvumilia. Nakuambia nenda kwa watu unaowaamini, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Nawe ambaye huzuni imekulemea hata unawaza kuuacha uhai, usiketi nayo peke yako. Mwambie mtu leo hii, nenda hospitali, ukitaka mwite padre au katekista wako akusindikize. Kuna mizigo ambayo Mungu hakukusudia ibebwe na mtu mmoja.

Makatekista wapendwa, naomba jambo moja kwenu. Katika jumuiya ndogondogo juma hili, kabla ya kuanza sala, wapeni watu dakika tatu za kimya. Dakika tatu tu. Wengine watakohoa, watoto watacheka, na dakika zile zitaonekana ndefu kama mahindi. Msiogope. Kila mmoja ajibu moyoni swali moja: kwa nini umekasirika? Yesu anatuambia tukikumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yetu ana neno juu yetu, tuiache sadaka pale, twende tupatane kwanza. Lakini nani atakumbuka, kama hajawahi kunyamaza?

Kaini hakunyamaza hivyo. Alikuwa na mlango uliofungwa, na swali la Mungu masikioni, na ndugu yake akiwa bado hai. Wapendwa, nasi leo tunavyo vyote vitatu. Mtoto aliyemwaga maziwa bado yu hai. Mke bado yupo. Jirani tuliyemshuku bado anapita njiani asubuhi. Na Mungu bado anauliza.

Tuombe. Ee Bwana, unayezijua hasira zetu kabla hatujazitaja, utupe moyo wa kukujibu. Utulize mikono yetu kabla haijainuka, na uipe kazi ya haki. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.